Barua Ikishafika: Mfanyakazi Aliyeacha Kazi na Haki ya Kubadili Nia

Mhadhara kwa wafanyakazi na wenye maduka, Mchikichini, Dar es Salaam



Swali nililopewa ni hili. Mfanyakazi ameandika barua ya kuacha kazi na ameikabidhi. Siku mbili baadaye amebadili nia. Anarudi kwa mwajiri na kumwambia, "Bosi, naomba barua yangu, niendelee na kazi." Je, mwajiri analazimika kukubali?

Kwa mfanyakazi wa mkataba usio na ukomo, jibu ni kwamba halazimiki. Nalisema mapema ili mtu asikae hapa akitumaini nitamwambia vingine. Lakini nimeona jibu hilo likifungia mlango watu ambao, ukichunguza vizuri, hawakuwa wameacha kazi hata kidogo. Nimeona pia likiwapa waajiri kiburi ambacho sheria haikuwapa. Kwa hiyo nataka tuone jibu hilo linaanzia wapi na linaishia wapi, na pale sheria inaponyamaza, sisi wenyewe tuandike nini.

Funguo juu ya kaunta

Nianze na langu. Nikiwa na miaka 26 nilikuwa mtunza stoo katika duka moja la jumla, mwendo wa dakika chache kutoka hapa. Nilikuwa nimekaa pale miaka 6. Ijumaa moja jioni hesabu ya stoo haikuoana na ya kaunta: katoni nne za sabuni hazikuonekana. Tajiri alinisema mbele ya wateja na mbele ya wapagazi niliokuwa nawasimamia. Nilichana karatasi kwenye daftari la mizigo, nikaandika, "Kuanzia leo nimeacha kazi," nikatia sahihi, nikaiweka juu ya kaunta pamoja na funguo, nikaondoka.

Jumamosi katoni zilionekana. Zilikuwa zimepakiwa kimakosa kwenye mzigo wa Morogoro. Nilipata habari hiyo Jumapili. Jumatatu saa 1 asubuhi nilikuwa mlangoni. Ndani nilimkuta kijana mgeni ameshika lile daftari, anahesabu. Tajiri hakunifokea. Aliniambia, "Umechelewa, kijana wangu. Jumamosi nimempa neno huyu, na yeye kaacha kibarua chake cha bandarini."

Miaka mingi nilimlaumu yule tajiri. Baadaye, nilipoanza kuwasindikiza wenzangu kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi, nililazimika kujiuliza upya: katika siku zile tatu, nani alikosea, na alikosea saa ngapi? Mhadhara huu umetoka kwenye swali hilo.

Haki ya kuondoka

Kabla ya kuzungumzia kurudi, tuitambue haki ya kuondoka, maana mtaa huu umejengwa juu ya kumbukumbu ya watu walionyimwa haki hiyo. Jina la Kariakoo, jirani zetu hapa, limetoka kwa kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliopiga kambi eneo hili baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Wengi wao walikusanywa kwa nguvu. Aliyetua mzigo na kurudi kwao hakuhesabiwa kuwa ameacha kazi. Alihesabiwa kuwa mtoro, na alisakwa kama mtoro.

Vita vilikwisha, lakini fikra hiyo ilibaki. Sheria ya mabwana na watumishi wenyeji iliyotungwa Tanganyika mwaka 1923 iliendelea kumfanya mtumishi aliyeondoka bila ruhusa kuwa mkosaji wa jinai, anayeweza kutozwa faini au kufungwa.  

Leo Ibara ya 25 ya Katiba yetu inasema hakutakuwa na kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inarudia katazo hilo katika kifungu chake cha 6. Matokeo yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfanyakazi wa mkataba usio na ukomo akitoa notisi halali, kazi itakwisha siku aliyoitaja, bosi apende asipende. Bosi anayesema "nimeikataa barua yako" anasema neno lisilo na nguvu. Barua hiyo haisubiri muhuri wake.

Na hapa ndipo ugumu wa swali letu unapozaliwa. Nguvu ileile inayomwezesha mfanyakazi kuondoka bila kuomba ruhusa ndiyo inayomnyima uwezo wa kurudi bila kuomba ruhusa. Kama barua ingekuwa ombi, angeweza kuliondoa kabla halijakubaliwa. Lakini barua ni taarifa, na taarifa imeshafanya kazi yake pale ilipofika.

Katiba inawapima viongozi wetu kwa kipimo hicho hicho. Ibara ya 149, inayohusu kujiuzulu kwa wenye madaraka yaliyoanzishwa na Katiba, inaitaka taarifa iandikwe na kutiwa sahihi, na inahesabu kujiuzulu tangu taarifa ilipopokelewa na mhusika, au tangu siku ya baadaye iliyotajwa ndani yake. Neno la kushika hapo ni kupokelewa. Barua iliyo mfukoni mwako ni yako peke yako. Ukiwahi kuichukua mezani kwa karani kabla haijamfikia mwajiri, hukumkosea mtu. Ikishafika, ni ya watu wawili, na kitu cha watu wawili hakiondolewi na mmoja.

Siku 28 katikati

Hata hivyo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Sheria inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Na aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza wa ajira, siku 7. Katika siku hizo zote mkataba uko hai. Mshahara unaendelea, na wajibu unaendelea.

Waajiri wakiombwa barua hupenda kujibu kwa methali: maji yakimwagika hayazoleki. Mimi huwauliza, yamekwisha kumwagika? Mtu aliyetoa notisi ya siku 28 na yuko siku ya 5 bado amebeba ndoo kichwani. Ametangaza kuwa atamwaga. Kukataa kumruhusu aitue salama kunawezekana kisheria, lakini mtu asijifiche nyuma ya methali. Akubali kwamba ni uamuzi wake.

Mahakama za dunia zimegawanyika hapa hapa. Uingereza, tangu shauri la mwaka 1959 dhidi ya Wizara ya Vita, msimamo ni kwamba notisi ikishatolewa haiondolewi na upande mmoja. Mahakama za kazi za Afrika Kusini zimeshika njia hiyo pia: kuacha kazi ni tendo la mtu mmoja, kubatilisha ni la wawili.

India ilikwenda njia nyingine. Tarehe 7 Mei 1977 Jaji Satish Chandra wa Mahakama Kuu ya Allahabad alimwandikia Rais wa India kwamba anajiuzulu kuanzia tarehe 1 Agosti. Tarehe 15 Julai, kabla ya siku hiyo kufika, aliandika tena kuiondoa barua. Watu walishtaki wakisema hana tena cheo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya India iliamua, kwa wingi wa majaji, kwamba barua inayotaja siku ya mbele haijakamilika mpaka siku hiyo ifike, na mwenye nayo anaweza kubadili nia, isipokuwa kama kuna sheria au sharti la kazi linalomzuia. Mwaka 1987 mahakama hiyo ilimkubalia mtumishi wa serikali aliyeomba kustaafu mapema kisha akabadili nia ndani ya muda wa notisi.

Kwa nini tujali ya India? Kwa sababu Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitokana na ile ya India ya mwaka 1872, na hukumu za huko husomwa katika mahakama zetu kama ushauri. Ni ushauri tu. Kesi hizo mbili zilihusu watu wa dola, wenye masharti yao. Na Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2004 haina kifungu kinachompa mfanyakazi haki ya kuiondoa notisi yake peke yake. Ndiyo maana nimewaambia mwajiri halazimiki. Lakini mwanasheria makini ataibeba hoja ya India, hasa pale ambapo mwajiri hajaajiri mtu, hajatumia shilingi, na siku 20 bado zimebaki.

Wenye mikataba ya muda maalumu wana mlango wao. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, kanuni ya 6, zinasema mfanyakazi wa mkataba wa namna hiyo haondoki kabla ya muda ila mwajiri awe amevunja mkataba kwa jambo la msingi, au wakubaliane. Fikirini maana yake. Kama mwajiri hajavunja chochote, barua ya mfanyakazi huyu ni ombi la makubaliano, na ombi ambalo halijakubaliwa, kwa maoni yangu, linaweza kuondolewa. Mwajiri hawezi kumwambia leo, "Huwezi kuondoka bila ridhaa yangu," kesho akamwambia, "Ulishaondoka."

Je, aliacha kweli?

Sasa nifike kwenye kiini. Kabla ya kuuliza kama barua inaweza kurudishwa, tuulize kama ilikuwa barua ya kuacha kazi.

Kuna kuacha kazi kwa nia timamu. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alitakiwa achague kati ya ualimu wa Pugu na uongozi wa TANU, alichagua, akaondoka. Hakuna ambaye angeuchukua uamuzi ule kuwa ni hasira ya jioni moja. Na kuna maneno ya mtu aliyetukanwa mbele ya watu, au ujumbe wa WhatsApp uliotumwa saa 6 usiku baada ya ugomvi wa hesabu, au "basi mimi siji tena" ya dada aliyefiwa juzi na kunyimwa ruhusa jana. Wote wametumia kitenzi kile kile, lakini hawajasema kitu kimoja.

Uingereza, ambako kanuni ya kutokurudi ni kali, mahakama ililiona hili mwaka 1992. Meneja wa karakana moja ya magari alikaripiwa mbele ya mwenzake, akatupa funguo juu ya kaunta, akaondoka. Nilipoisoma kesi hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu na kukaa kimya kwa muda. Mahakama ilisema kwamba mwajiri akiona dalili za hasira au msukosuko asikimbilie kulishika neno. Aache muda wa busara upite, siku moja au mbili, athibitishe kama mtu alimaanisha. Mwaka 2023 mahakama hiyo ya rufaa ya masuala ya ajira ilieleza kipimo vizuri zaidi: mtu mwenye akili timamu aliyesimama mahali pa mwajiri na kuona yote yaliyokuwapo angeelewa kwamba maneno yale yalimaanishwa kweli wakati yaliposemwa? Kama ndiyo, majuto ya kesho hayayafuti. Kama siyo, hapakuwa na cha kurudisha. Mtu yule alikuwa bado mfanyakazi, na aliyemzuia mlangoni ndiye aliyevunja ajira.

Naomba mpime tofauti hiyo kwa makini, maana wenye maduka wengi hudhani kipimo hiki kinawaonea. Hakimpi mfanyakazi ruhusa ya kuyumba. Kinamtaka mwajiri asikilize, jambo ambalo kila mtu sokoni analijua: mteja aliyesema kwa hasira "sinunui tena kwako" humfuti daftarini siku hiyo hiyo.

Upande wa pili kuna barua iliyoandikwa kwa mkono wa mfanyakazi lakini kwa akili ya bosi. "Andika mwenyewe uache kazi, la sivyo naita polisi." Au mtu anaandamwa, anacheleweshewa mshahara miezi, dada anasumbuliwa kwa mambo machafu na hakuna anayemsikia, mpaka anaandika. Sheria ya 2004, kifungu cha 36, inahesabu hali ya kufanywa ushindwe kuvumilia kazi kuwa ni kuachishwa kazi na mwajiri. Huyu asipoteze siku zake kuomba arudishiwe barua. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aende ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Nimeona watu wenye haki nzito wakigeuzwa mlangoni kwa sababu walikuwa bado wanambembeleza bosi siku ya 45.

Kinachopotea

Anayeandika barua kwa hasira hajui amesaini nini. Kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Aliyeacha mwenyewe hakidai, ila mkataba wake uwe umempa. Fao la upotevu wa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii nalo si la aliyeacha kazi kwa hiari. Kinachobaki ni mshahara wa siku alizofanya, likizo aliyoichuma na cheti cha utumishi, na hivi asikubali kunyimwa.

Ninyi mlioona soko la Karume likiteketea alfajiri ya tarehe 16 Januari 2022 mnajua mtu anavyoweza kulala ana pa kusimama akaamka hana. Waliounguliwa walipata pole ya mji mzima. Aliyejiunguza kwa kalamu hupata lawama, na nyumbani watoto wana njaa ile ile.

Mtu wa tatu

Lakini haki inataka nimtaje na yule kijana wa bandarini. Katika mijadala hii tunamtazama mfanyakazi na mwajiri, tunamsahau aliyeitwa kujaza nafasi. Naye aliacha alichokuwa nacho kwa sababu ya neno alilopewa. Kama sheria ingemlazimisha tajiri anirudishe mimi, kijana yule angerudi wapi? Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu tajiri kwa alichofanya Jumatatu. Mwajiri aliyekwisha kumpa mtu mwingine neno, akategemewa, ana sababu nzuri ya kusema hapana.

Ninachomdai ni cha Jumamosi. Aliona mtu wa miaka 6 ametupa funguo akiwa ametoka kuaibishwa. Alijua katoni zimeonekana. Hakutuma hata mtoto aje kuniuliza. Na mimi ninajidai cha Ijumaa: niliandika kabla sijalala, na nilipopata habari Jumapili sikwenda kwake usiku ule ule.

Tuandike wenyewe

Sheria imeweka sakafu. Haijakataza tujenge juu yake. Napendekeza kila duka, stoo na karakana ya mtaa huu iandike kanuni moja, ibandikwe ukutani na iingie kwenye maelezo ya ajira ambayo sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi.

Kanuni yenyewe ni hii: barua ya kuacha kazi ikipokelewa, iandikwe tarehe na saa, kisha zipite siku tatu za kazi. Ndani ya siku hizo mfanyakazi anaweza kuiondoa kwa maandishi bila kuulizwa sababu, na mwajiri hampi mtu mwingine neno. Zikipita, barua imesimama. Kuirudisha ni kwa ridhaa ya mwajiri, naye akikataa aandike kwa nini.

Kwa mwenye duka siku tatu ni gharama ndogo kuliko kumfundisha mtu mpya bei za bidhaa, wateja wa mkopo na mahali pa kila kitu stoo. Kwa mfanyakazi zinatosha hasira kushuka na mama, mke, mume au rafiki kusema neno.

Na wewe uliyekwisha kukabidhi barua leo, kwenye duka lisilo na kanuni hii, fanya haraka. Andika, usiseme tu. Sema unaiondoa notisi ya tarehe fulani na uko tayari kuendelea na kazi. Eleza kilichotokea bila kumtukana mtu. Baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Endelea kufika kazini mpaka uambiwe vingine kwa maandishi. Mwajiri akikubali, mwombe aandike kwamba notisi imeondolewa na ajira inaendelea kama kawaida. Usikubali kuandikwa upya kama mtu mgeni, miaka yako ikahesabiwa kuanzia moja.

Namaliza pale nilipoanzia. Kama duka lile lingekuwa na siku tatu ukutani, Jumamosi ile tajiri asingempa mtu neno. Yule kijana angekuwa bado na kibarua chake bandarini. Nami Jumatatu saa 1 asubuhi ningezikuta funguo zangu pale pale nilipoziacha, juu ya kaunta.